Mkono Niliouinua kwa Ajili ya Pua

Jamani, kuna aibu ya kusimulia mkacheka mkaachana, na kuna aibu inayohamia kwako ikapanga chumba. Yangu mimi ni hiyo ya pili. Mpaka leo nikipita Ujiji sokoni hakosi mama wa kuniita kutoka ng'ambo ya barabara, "Sista Utamu, hujambo?", na mimi sina la kufanya ila kupunga mkono (na huo mkono ndio ulioniponza). Nimechoka kuikwepa habari hii, afadhali niiseme mwenyewe, kwa sababu watu wa Ujiji wakiisimulia wao wanatia chumvi, wengine wanasema eti kamasi langu lilimwingia mgeni rasmi mdomoni, uongo mtupu huo, lilimpata kwenye shati tu.

Mimi ni nesi, kwetu Urambo. Nilipangiwa kazi Kigoma, nikapanga chumba Rusimbi, na kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa Ujiji. Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, Warundi wanashuka milimani kila siku wanajazana Kagunga, kijiji cha wavuvi kule mpakani, ufukwe mwembamba, mlima nyuma, ziwa mbele na barabara hakuna, kwa hiyo wanatolewa kwa maji wanaletwa Kigoma, na sisi ndio wa kuwapokea, kuwapima, kuwatundikia dripu, kuwatafutia watoto wao pa kulala kabla mabasi hayajaja kuwapeleka kambini. Uchovu wa miaka ile siwezi kuueleza nikaeleweka. Siyo uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nilikuwa nasinzia nimesimama, mgonjwa anajieleza mimi naitikia "mmh, mmh" na kichwani hamna mtu. Siku moja nilimwambia mwenye nyumba wangu avue shati nimsikilize kifua, kumbe alikuwa amekuja kuniuliza kama bomba linatoa maji.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinaniamsha asubuhi, likizo. Zilikuwa zimefutwa za watu wote tangu wakimbizi waanze kumiminika, halafu Metroni wetu akanionea huruma, akanipigania, ikapita. Siku ninayoisimulia, kesho yake nilikuwa napanda treni. Begi nimeshalifunga, ndani yake kuna gauni la njano la binti yangu Kabula, na samaki wakavu wa mama, migebuka ya ziwani. Huyu Kabula nilimwacha kwa mama yangu alipoacha kunyonya (habari za baba yake tuziache, hazina msaada), na kufikia wakati huo alikuwa anaongea kila kitu, ila "mama" alikuwa anamwita bibi yake. Mimi alikuwa ananiita Sista, kwa sababu mdogo wangu kule nyumbani simu ikilia husema, "Sista anapiga huyo." Juzi yake tu nilimwuliza kwenye simu, "Kabula, mimi ni nani?" Akasema, "Sista wa kwenye simu." Nikacheka, nikamuaga vizuri, nikakata, halafu nikalia.

Kwa hiyo mjue. Mimi nilikuwa naenda Urambo kumrudishia mtoto wangu mdomoni mwake neno moja tu, mengine yote ya dunia yangesubiri.

Sasa katikati ya hekaheka zile alikuwepo Dokta Lusekelo. Huyu alitoka Mbeya kabla mambo hayajachafuka, na kazi iliyomleta ilikuwa kupima pua. Ndiyo, pua. Alitueleza kwamba ndani ya pua kuna vinywele vidogo mno, macho hayavioni, vinapiga kasia usiku na mchana kulisukuma kamasi kwenda nyuma, kooni, pamoja na vumbi na moshi na vijidudu vilivyonasa humo, na mtu unameza bila habari. Kamasi la mtu mzima wa afya halikai mahali, linatembea. Lakini ukiishi kwenye moshi mwaka nenda mwaka rudi vile vinywele vinachoka, kamasi linalala palepale, ndiyo yale mafua yasiyoisha na vikohozi vya kila siku. Alitaka kuwapima akina mama wa mtaa wa Kasingirima wanaokausha migebuka kwa moshi, aone pua zao zina hali gani.

Na namna ya kupima, wala hamtaamini. Unachukua sakarini, ile sukari ya vidonge wanayotia kwenye chai watu wenye kisukari, unavunja unapata chembe ndogo kama punje ya chumvi, unaiweka ndani ya tundu la pua kwa kijiti, na pembeni yake unagusisha rangi ya bluu kwa pamba. Halafu unangoja. Mtu akae wima, asivute kamasi, asipenge, asipige chafya, asile, asinywe, asiongee-ongee. Kamasi linaibeba ile chembe polepole mpaka kooni, na ikifika unasikia utamu. Hapo unainua mkono, Dokta anatazama saa yake, kisha anakumulika kooni kwa tochi aione ile bluu imepita. Pua yenye afya ni kama robo saa hivi. Ikichelewa sana, ujue vinywele vimechoka.

Unainua mkono, siyo unasema. Hapo Dokta alikuwa mkali kabisa, kwa sababu akina mama walikuwa wanakaa benchi moja, na wa kwanza akisema tu "tamu!" basi benchi zima linasikia utamu. Mimi nikipata nafasi ndiye niliyekuwa namsaidia, na kwa kuwaonyesha watu nilijipima mara nyingi, mpaka mkono wangu ukawa na akili zake. Utamu ukigusa, mkono juu, kichwa hakiulizwi.

Siku yenyewe ilikuwa Ramadhani. Akina mama wamekuja asubuhi kama walivyoahidi, wamekaa kwenye benchi na khanga zao, Dokta anatayarisha vijiti vyake, na kiongozi wao ni Bi Zaituni, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Akauliza, "Dokta, hiyo sukari unasema inafika kooni?"

"Inafika, mama."

"Basi nitakuwa nimefungua."

Dokta (Mkristo mwenzangu, mtu wa Mbeya, hajui anakanyaga wapi) akaanza kueleza kwamba ile siyo chakula, ni chembe tu, na kwamba hata kamasi lenyewe mtu analimeza kutwa nzima. Bi Zaituni akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. "Kamasi la Mungu sina ujanja nalo, linapita lenyewe. Hiyo sukari yako nimeitia kwa mkono. Hapana, baba." Nikamtazama Halima, nesi mwenzangu, mtoto wa Ujiji, naye amefunga. Halima akasema, "Yuko sahihi, msimbishie."

Tukakubaliana waje jioni, wakishafuturu. Tungeachana pale kwa amani, jamani, ila kwenye benchi kukaanza minong'ono kwamba kuna mtu Kasingirima amesema ile dawa inapasua mishipa ya kichwa. Bi Zaituni akaninyooshea kidole. "Huyu Sista hafungi. Aiweke yeye hapa mbele yetu, mwanzo mpaka mwisho. Asipoanguka, wallahi tunakuja wote."

Hapo ndipo penyewe. Ningesema tu nina mafua. Nilikuwa nayo kweli, kwa moshi wa majiko ya wakimbizi na vumbi la kule tunakowapokelea, pua imeziba na masikio nusu yanasikia nusu hayasikii. Lakini nilifikiria Dokta amehangaika, na mimi kesho siko, ngoja nimwachie kitu kizuri. Nikasema, "Haya, lete." Maneno mawili tu, na nimeyalipia mpaka leo.

Nikawekewa. Sijakaa hata nikatulia, magari yakaingia getini na vumbi lake, na Mzee Bukuru, mganga mfawidhi wetu, akapita anakimbia na koti lake limefungwa kifungo kisicho chake. "Watumishi wote uwanjani, sasa hivi! Mgeni kafika!" Tulijua kuna kiongozi atakuja kuongea na sisi, lakini tuliambiwa mchana. Nikatoa leso nipenge nimalize mambo.

"Eee!" Bi Zaituni akasimama. "Ukipenga tu, jioni humwoni mtu hapa."

Dokta naye akanisihi. "Nenda nayo tu, Sista. Kaa wima, usiongee, ukisikia utamu inua mkono. Nitakuwa nyuma nakutazama." Kwa hiyo nikatoka na sukari yangu puani na bluu yangu, Dokta nyuma na saa mkononi, na Bi Zaituni nyuma ya Dokta kuhakikisha hakuna udanganyifu.

Sisi wa mwisho kufika tukawekwa viti vya mbele (kila mahali ni hivyo, viti vya nyuma vinajaa kwanza). Mgeni rasmi akapita kutusalimia mmoja mmoja, mtu mzima, mpole, shati jeupe linalong'aa. "Hujambo, dada?" Nikaitikia kwa kichwa, tena kidogo, kisije kikamwaga kitu. Akaniuliza kazi inaendeleaje. Nikamtazama. Pua inawasha mpaka machozi yananilengalenga. Akanishika bega akasema taratibu, "Pole sana, dada yangu, tunajua mnavyoteseka." Metroni akanikata jicho, maana hakuna aliyenijua kwa kukosa maneno.

Hotuba ikaanza. Jua kali, masikio yameziba, na mimi nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Mnajua mtu aliyechoka akiambiwa akae wima asiongee kinachotokea. Macho yako wazi lakini mimi mwenyewe nilishapanda treni, nimeshapita Uvinza, nimeshafika Urambo, Kabula amevaa gauni la njano na limemkaa. Kwa mbali nikasikia mgeni anasema, "Mnamwona huyu dada anavyosikiliza? Hatikisiki!" na Halima pembeni yangu anatetemeka kwa kicheko cha ndani. Muda unakwenda, utamu haufiki. Pua yangu nayo ilikuwa imechoka kama mwenyewe, vinywele vyangu vimeweka makasia chini.

Kilichosemwa baadaye nilikuja kuambiwa, mimi sikukisikia. Mgeni alisema Kagunga watu wameelemewa, wagonjwa wamelala mchangani, nesi aliyekuwepo ameugua amerudishwa, na anahitaji mtu wa kuondoka na boti ya kesho asubuhi. Akasema hamlazimishi mtu. Akauliza, "Nani anajitolea?"

Watu wote wakaanza kutazama viatu vyao, nasikia hata kuku aliyekuwa anapita alisikika. Akauliza tena, "Hakuna hata mmoja?"

Na wakati huohuo, kule nyuma ya ulimi wangu, utamu ukafika.

Mkono ukapanda juu wenyewe. Tena siyo wa kusitasita, ulipanda wote, kiwiko kimenyooka, kama mtoto anayejua jibu. Na Bi Zaituni, aliyekuwa barazani anangoja hicho tu, akapiga kigelegele ambacho nadhani Kongo walikisikia. "Imefikaaa! Na hajaanguka!" Wenzangu kusikia kigelegele wakadaka, uwanja mzima ukalipuka, makofi, vigelegele, wengine wamesimama. Dokta Lusekelo naye huko nyuma, mtu wa sayansi, hasikii lolote zaidi ya saa yake, akapaza sauti, "Safi sana, Sista! Imechelewa, lakini imefika!" Mgeni rasmi akaitikia kwa kichwa akasema, "Kweli kabisa, hujachelewa, dada."

Mimi ndiyo kwanza nazinduka. Nikashusha mkono. Nikatabasamu, nikidhani wote wanashangilia pua yangu (naapa, kwa jinsi nilivyochoka niliona ni jambo la kawaida kabisa mkoa mzima kushangilia pua).

Halima akaniinamia sikioni. "Shoga, umerogwa? Kesho si unapanda treni?"

"Nimesikia utamu," nikamwambia.

"Utamu wa Kagunga?"

"Kagunga gani?"

Akanieleza kwa maneno machache. Mimi wa Urambo, mtu wa karanga na tumbaku, ziwa lenyewe nilikuwa nalitazama kutoka ufukweni nimeshika kitu, sijui kuogelea hata kwenye beseni. Lakini sikuwaza maji. Niliwaza lile begi, na ile simu. Na mgeni alikuwa ameshateremka jukwaani, mkono ameutanguliza, anakuja kunipongeza. Nikainuka upesi nimweleze kabla hajafika mbali. Nikafungua mdomo, "Mheshimiwa, samahani, mimi..." na chafya niliyoibana tangu asubuhi ikaona njia.

Sitaki kuielezea. Ilitoka yote. Shati lililokuwa jeupe likapata madoa ya bluu kuanzia mfukoni mpaka kwenye vifungo, na mimi nimesimama mbele yake na kamasi la bluu limening'inia juu ya mdomo, mtu mzima, nesi, na yunifomu yangu. Makofi yakakatika. Mgeni akarudi nyuma hatua kadhaa, akajitazama, akanitazama. "Nini hiki? Huyu anaumwa?"

Na mtu mmoja huko nyuma, mpaka leo simjui, akapiga kelele, "Ugonjwa wa wakimbizi huo! Si tulisema!"

Pale kwenye uzio kulikuwa na Warundi walioshushwa asubuhi, wanangoja zamu ya kupimwa. Nikaona watu wanawakwepa. Hivihivi, kwa macho yangu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa ameegemea mti akawasha pikipiki akasogea mbali, mama mmoja akamvuta mwanawe kwa nguvu. Na aliyekuwa karibu kabisa na uzio alikuwa binti mdogo tu, mtoto wake mgongoni, umri wa Kabula hivi, na makamasi yake mawili yameteremka kama ya watoto wote. Yule binti akanitazama mimi. Akaupeleka mkono nyuma akamfuta mtoto haraka kwa pembe ya kitambaa, kama anaficha kitu alichoiba, akasema, "Ni ibicurane gusa, Sista. Mafua tu. Mafua tu."

Metroni alikuwa ameshanifikia na pamba, ananifuta, na huku ananifuta ananinong'oneza. Mwanamke mwema yule, Mungu ambariki. "Sema unaumwa. Sema tu, nitakuingiza ndani, hatakupeleka popote. Kesho unaenda zako kwenu."

Mlango ulikuwa wazi kabisa, jamani. Neno moja. Wala lisingekuwa uongo mkubwa, mafua nilikuwa nayo. Ningesema "naumwa", ningeingia ndani, kesho treni, keshokutwa Kabula. Nililiona neno liko ulimini, tena bado na utamu wake. Lakini yule binti alikuwa bado ananitazama, na mtoto wake kamasi limeshateremka tena, halisubiri mkutano uishe.

Nikapiga kelele, na sauti yangu ya mafua. "Siumwi! Mnasikia? Siumwi mimi! Hii ni rangi, rangi ya Dokta ya kupimia pua, hata haiambukizi! Na huyo mtoto ana mafua kama mafua ya watoto wenu, mwacheni!"

Dokta naye akawa amefika na tochi yake (katikati ya yote hayo akaniambia nifungue mdomo, nikafungua, mbele ya mkoa mzima, akanimulika kooni). Akamgeukia mgeni. "Hana ugonjwa, Mheshimiwa. Pua yake imechoka tu, lakini inafanya kazi."

Watu wakaanza kucheka. Kwanza mmoja, halafu wote, mpaka mgeni mwenyewe na shati lake. Nikasema moyoni haya, sasa ndiyo nafasi yangu, nimweleze na habari ya mkono. Nikavuta pumzi. Yeye akaniwahi, akaushika mkono wangu uleule akauinua juu. "Haumwi! Mmesikia wenyewe? Mzima wa afya, amechoka kama nyote, na bado amejitolea! Makofi tena!" Wakapiga tena. Yule wa bodaboda naye akazima pikipiki akapiga. Mkono wangu uko juu, mgeni ameushikilia, siwezi hata kuushusha.

Baadaye nilimfuata Mzee Bukuru ofisini, nikamweleza yote kutoka chembe mpaka kigelegele. Alinisikiliza, akavua miwani, akafikicha macho. Na yeye alikuwa amechoka, sisemi hapana. Akasema, "Mwanangu, nakuamini. Lakini amekutangaza mbele ya watu, na nikimwambia umeghairi atauliza ni nani badala yako. Nimtaje nani? Halima ananyonyesha." Akasema ni wiki mbili tu, likizo yangu ipo palepale. Mimi nilishafanya kazi serikalini muda wa kutosha kujua wiki mbili tu ni nini.

Nikapiga simu Urambo. Nilitaka kuongea na mama, ila akapokea Kabula. Nikamwambia safari imeahirishwa kidogo. Nikamsikia anamwambia bibi yake, simu iko bado sikioni, "Mama, Sista haji." Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema maji yamekwisha mtungini.

Asubuhi nikapelekwa kwenye boti nimeshika begi lilelile. Bi Zaituni alikuja ufukweni kuniaga na kifurushi cha migebuka ya moto, akaniambia kwamba jioni walikuja wote wakishafuturu, benchi halikutosha, Dokta mpaka akaazima viti. "Na pua zetu wengine hazikuonja kitu mpaka tukachoka kukaa," akasema, naona kama kwa fahari. Halafu akanishika mkono. "Sista, nilipopiga kile kigelegele, wallahi sikujua." Nikamwambia najua, mama. Halima naye alinivalisha jaketi la kuokolea akalikaza kamba mwenyewe, akalikaza tena.

Kagunga sitaisimulia, waliokuwepo wanajua. Nitasema tu kwamba nilitapika kutoka Kigoma mpaka kule, na nilipofika nikakunja mikono ya gauni nikaanza kazi kabla sijaoneshwa pa kuweka begi, na wiki mbili zilizaa wiki nyingine, nazo zikazaa. Nilifuta makamasi ya watoto wengi mno. Ikifika jioni nilikuwa nalitoa lile gauni la njano, nalitazama, nalirudisha.

Likizo yenyewe nilikuja kuipata wakimbizi wamepungua na gauni limeshakuwa fupi. Nilipofika Urambo Kabula alijificha nyuma ya bibi yake, akanichungulia, akasema, "Shikamoo, Sista." Nikaitikia marahaba. Gauni likavaliwa hivyohivyo juu ya suruali. Siku zikapita, ananizunguka kwa mbali, chakula anapokea, hadithi anasikiliza, akiumia anakimbilia kwa bibi yake. Mama akasema nisimlazimishe. Sikuwa na nguvu za kumlazimisha mtu.

Na nimekoma, nawaambia. Tangu siku ile kwenye kikao mikono yangu naikalia, nasema kweli, naiweka chini ya mapaja. Kanisani mhubiri akiuliza ni nani anataka kuombewa, mimi nahitaji maombi kuliko wote ila nabaki kuinamisha kichwa, Mungu ananijua. Dokta Lusekelo alinipigia mwaka uliofuata, ana kipimo kingine cha pua, hiki eti hakina sukari wala rangi. Nilimwambia, Dokta, nakupenda kama ndugu yangu, ila pua yangu imestaafu.

Siku mbili kabla ya kurudi kazini nilikuwa nimekaa uani nabangua karanga, nasinzia kama kawaida yangu. Mama alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Kabula alikuwa na mafua. Alikuwa anacheza, akasimama, akakitazama kile kilichoteremka, akamtazama bibi yake kule jikoni, halafu akaja kwangu. Akasimama katikati ya magoti yangu, akainua uso, akafumba macho.

"Mama," akasema. "Kamasi."

Mama jikoni akaacha kukoroga. Nikachukua pembe ya khanga, nikambana pua taratibu, nikamwambia penga, akapenga. Lilikuwa jeupe tu, kama la watoto wote. Nikamfuta vizuri, naye akarudi kucheza.